Mipira mia moja, ufuo, au mwalimu: kipi kitanipunguzia mikwaju ya gofu?

Mwanagenzi wa Malindi
Assalamu alaikum. Hendikepu yangu, yaani takriban mikwaju ninayozidisha juu ya kiwango cha uwanja, imekwama kwenye 28 mwaka mzima, nami nina jioni mbili tu kwa wiki za kufanya mazoezi. Nimezoea kupiga mipira mia moja mfululizo kwa fimbo kubwa, ile ya kupigia mbali, lakini siku ya mchezo mpira bado hupinda kulia. Je, niendelee hivyo, fedha za mipira hiyo nimlipe mwalimu, au nijifunzie ufuoni maji yakipwa, ambako sitozwi chochote?

Babu Kusi
Wa alaikumu salaam, mwanangu. Hesabu kwanza mikwaju yako. Katika uwanja wa mashimo 18 wenye kiwango cha mikwaju 72, kila shimo limewekewa miwili ya kusukuma mpira kwenye nyasi fupi, yaani 36, nusu ya yote, ilhali fimbo kubwa kwa kawaida haitumiki zaidi ya mara 14. Ningetenga jioni nzima kwa mita moja na nusu ya mwisho: zungushia shimo mipira minane, na ukikosa mmoja, anza upya. Shimo lina upana wa milimita 108 na mpira karibu 43.

Mkwaju wa Pwani
Namheshimu Babu, ila suala la mpira kupinda hajaligusa. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, chanzo cha kawaida ni uso wa fimbo kubaki wazi kuliko njia inayopitiwa na fimbo, na mipira mia moja iliyopigwa hivyo hulikomaza kosa. Nilijirekodi kwa simu miezi mitatu nikidhani naokoa fedha. Makosa niliyaona, lakini sikujua lipi lilizaa mengine. Saa moja ya mwalimu ilinionyesha kwamba mkono wangu wa kushoto, katika kushika fimbo, ulikuwa umegeukia mno upande wa lengo. Upepo wa kusi haukuleta kosa hilo, ulilikuza tu.

Kedi Mstaafu
Ufuo unafaa kwa sharti. Mchanga mkavu wa juu ndio unaokaribiana na ule wa mitego ya uwanjani, vile vibonde vya mchanga. Ule mbichi ulioachwa na maji ni mgumu, na fimbo huteleza badala ya kuzama. Tena usiuguse mchanga nyuma ya mpira kabla ya kupiga, kwa maana ukilizoea hilo utalifanya mashindanoni, ambako adhabu yake ni mikwaju miwili. Nenda alfajiri, kabla watu hawajajaa.

Mwanagenzi wa Malindi
Shukrani. Jumamosi nitamwona mwalimu mara moja. Baadaye, jioni ya kwanza itakuwa ya Babu, na ya pili nitapiga mipira 30 tu, nikibadilisha fimbo na lengo kila mara. Ufuo nitausubiri kaskazi, kwani sasa mchanga unaturukia machoni. Babu, ile minane nimeijaribu jana, nikafika mitano.