Naomba ushauri: tovuti ya mradi wa utafiti imenikwamisha, zimebaki siku tano

mwana_mkomani
Asalam aleikum jamani. Niko Amu hapa, nasoma masta, na mradi wetu ni wa kuhifadhi nyimbo za harusi za Kiamu zisipotee. Msimamizi wangu anataka tovuti, si ya mbwembwe, ile tuli tu, kurasa za HTML bila databesi nyuma yake. Nilianza na Hugo, programu ya kutengenezea tovuti kama hizo, halafu nikaona watu wasifu nyingine, Jekyll, nikageuza njia, sasa laptopu ina zote mbili na sijui ipi ni ipi. Kila nikisukuma faili GitHub, huko mtandaoni nitakakoiweka tovuti, yagoma. Niendelee na ipi? Na domeini ya .or.ke ni lazima ama nibaki na ile ya bure? Usingizi sipati wallahi.

fundi_waya
Waleikum salam. Hugo ama Jekyll ni kama kuuliza mofa ama chapati, utashiba tu. Kama kurasa zenyewe hazifiki kumi andika HTML kwa mkono uachane na zote. Domeini si lazima. Ikigoma yasemaje? Na hizo nyimbo zina uzito gani?

nahodha_mstaafu
Kijana umechagua vizuri hiyo tuli. Sisi tulikuwa na nyumba ya wageni Shela, tukatengenezewa tovuti ya WordPress, ile yenye databesi, na kijana mmoja mpole sana, akahamia Nairobi na paswadi akaenda nayo. Miaka miwili hakuna aliyeigusa. Siku moja mgeni kapiga simu kutoka Ujerumani auliza kama bado twalaza watu maana tovuti yetu yauza dawa za kuotesha nywele, na mimi kichwa hiki hakina unywele mmoja. Halafu huyo huyo mgeni alipokuja akaondoka na deni la mashua siku nne mpaka leo

punda_wa_langoni
Mimi seva yangu ina miguu minne, haili bando, yala maganda. Shida ni moja tu, ikisimama katikati ya njia hairistati.

mwana_mkomani
Yasema faili ni kubwa mno. Ni rekodi 31, WAV, zile za sauti isiyobanwa, kila moja kama dakika 40. Jumla karibu GB 13.

fundi_waya
Basi si kosa la Hugo wala Jekyll yakhe. GitHub haipokei faili moja ikipita MB 100, na tovuti nzima ya bure isipite GB 1. WAV ya dakika 40 yala MB mia nne na ushei. Igeuze mp3 ya mono, kilobiti 64 kwa sekunde, itashuka mpaka MB 19 hivi, zote 31 zitakuwa kama MB 600, zaingia. Hizo WAV zenyewe zihifadhi kwengine, usizitupe.

bi_somo
Nyimbo gani hizo mwanangu? Za nje, ama za ndani?

mwana_mkomani
Za harusi tu bi mkubwa. Asante fundi, mp3 nishaanza kugeuza. Je rangi ya templeti, kijani ama

bi_somo
Nimekuuliza.

mwana_mkomani
Ni vugo, ngoma ya harusi ya wanawake. Za ndani, na pembe zao.

mpekuzi_malindi
Simameni hapo. Akaunti imefunguliwa leo. Mwanamume. Ana saa ishirini za vugo la ndani. Nani alikufungulia mlango? Wenye harusi za Amu mwamjua mwanamume aliyewahi kukaa vugoni akatoka na kirekodi mkononi? Hii ni hekaya, mtu atafuta watu wa kumjibu tu.

punda_wa_langoni
Labda alivaa buibui 😂 saizi ya kiatu ndiyo iliyomtoa

ustadh_barazani
Hata kama ni hekaya kuna la kujifunza. Vijana wa siku hizi kila kitu ni cha kurusha. Mtu ale pilau arushe, azike arushe. Haya, stara iko wapi?

nahodha_mstaafu
Mimi naona ni kweli. Mtu mwongo hawezi kujua uzito wa faili.

mwana_mkomani
Si hekaya. Sikuingia ndani hata siku moja. Aliyerekodi ni shangazi yangu, yeye ni mpiga pembe, miaka miwili akienda na kirekodi cha mradi ndani ya mkoba. Kibali cha utafiti cha serikali, cha NACOSTI, ninacho. Karatasi za ridhaa ninazo tisa, waliobaki walimwambia shangazi sawa. Na nyinyi mwasema stara, wasichana wa leo wakodi spika kubwa, pembe zatundikwa ukutani, miaka kumi ijayo mtaniuliza mimi vugo liliimbwaje?

bi_somo
Hilo la spika nakuunga mkono. Sasa hiyo karatasi ilisema sauti zitakwenda wapi?

mwana_mkomani
Kwa ajili ya utafiti.

bi_somo
Utafiti ni wewe na mwalimu wako chumbani. Wajua mle ndani huimbwa nini? Mtu atupa fumbo, mwenzake alidaka, kila aliyekaa ajua ni la nani na mume yupi. Mimi nimeimba nikiwa kichwa wazi, na sauti ile hata mkwe wangu sitaki aisikie. Wale waliosema sawa walimwambia sawa shangazi yako, kwa vile ni mwenzao. Hawakukwambia wewe.

fundi_waya
Bi asema haki. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka ridhaa iwe ya jambo mahususi, na mtu aweza kuiondoa. Maneno ya utafiti weka kwenye tovuti, historia ya vugo, pembe zapigwaje, na nyimbo ambazo wenyewe wamekubali. Sauti zilizobaki peleka Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za utafiti, yapokea mpaka GB 50 kwa rekodi moja na waweza kufunga mlango, atakaye aombe. Bahati yako hujaweka kitu.

mwana_mkomani
Nishaweka sita. Zilikuwa mp3 zikapita, tangu Jumamosi. Lakini jana usiku nimezifuta.

mpekuzi_malindi
Si ulisema kila ukisukuma yagoma? Naona hadithi yaota miguu.

mwana_mkomani
WAV ndizo ziligoma!! Sita nilizipunguza mwenyewe nikamtumia msimamizi linki ili aone kuwa kazi yaenda. Alifurahi sana. Sikutaka kusema kwa sababu nilijua mtanirukia hivi hivi.

fundi_waya
Sikiza, kuwacha ugomvi. Kufuta faili kwenye git, mfumo unaotumiwa na GitHub kuweka kumbukumbu ya kila badiliko, ni kama kufunika kawa, chakula bado kimo. Komiti za nyuma, yaani hali ya faili kila ulipohifadhi, zote zaonekana na mtu azivuta akitaka. Fanya hivi sasa hivi. Kwanza kwenye ukurasa wa repo yako, lile ghala la faili zako GitHub, fungua Insights, halafu Traffic, utaona wiki mbili zilizopita wameingia wangapi na walioikopi repo nzima ni wangapi. Halafu ifanye ya faragha, kwenye akaunti ya bure tovuti yazimika nayo. Baadaye futa repo yote uanze upya.

nahodha_mstaafu
Na yule kijana wa paswadi nilimwona Maulidi iliyopita, akanisalimia kama hakuna lililotokea

bi_somo
Na shangazi yako ajua kuwa ziko hewani?

mwana_mkomani
Hajui. Nitampitia baada ya alasiri.

bi_somo
Nenda kabla hajaambiwa na mtu.

mwana_mkomani
Fundi, nimeifunga, tovuti haifunguki tena. Traffic nilitazama kwanza kama ulivyosema. Walioikopi ni watatu. Mmoja ni mimi kwenye kompyuta ya maktaba. Wa pili nimempigia msimamizi, akubali ni yeye. Wa tatu haonyeshwi jina.