Tupeane uzoefu: kulinda masikio kwenye gari la michezo lisilo na paa

Mleta mada

Wakuu, uzi huu ni wa wenye magari ya wazi: MX-5, Elise, Caterham, Ariel Atom na ndugu zake. Mada ni masikio tu. Mwenye ujuzi aweke anachokijua kwa vipimo, hadithi za safari tuziache pembeni ili mtu akisoma apate cha kufanya kesho asubuhi.

Naanza na msingi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni dakika 30, 100 ni dakika 15. Gari likiwa limefunguliwa paa kwenye mwendo wa barabara kuu, kuvuka 85 usawa wa sikio la dereva ni jambo la kawaida. Yale yasiyo na milango wala kioo kamili cha mbele yanapita hapo mapema zaidi.

Kinachosahaulika ni kwamba dozi ya siku hujumlishwa. Dakika 90 kwenye 91 ni asilimia 75 ya kiwango chako. Ukirudi kwa njia ya kasi, dakika 30 kwenye 94, unaongeza asilimia 50. Tayari uko asilimia 125, na mashine ya kukata nyasi bado haijawashwa.

Mpimaji

Kabla ya kununua chochote, pima. Simu inatosha kwa kuanzia. NIOSH wana programu ya bure ya iPhone ya kupima kelele, na usahihi wake uko ndani ya desibeli 2 hivi. Tatizo kwenye gari la wazi ni upepo: ukiigonga maikrofoni moja kwa moja, namba inaruka juu kwa sababu ya msukosuko wa hewa kwenye kitundu cha maikrofoni yenyewe. Ivalishe maikrofoni sponji ya kuzuia upepo, abiria aishike karibu na sikio lako upande wa ndani wa gari, wala asiitoe juu ya kioo. Dereva asishike simu.

Weka kipimo cha A (kinachopunguza uzito wa sauti nzito kama sikio linavyofanya), usome wastani wa dakika 3 hadi 5 kwa spidi moja. Usisome kilele. Rudia kwa kilomita 60, 80, 100 na 120 kwa saa, kisha badilisha kuwa C (kinachohesabu sauti nzito karibu zote kama zilivyo) na urudie. Namba ya C ikiizidi ya A kwa 10 au zaidi, kelele yako imejaa mvumo mzito wa chini, yaani upepo na ekzosi, na huo ndio vizibo vingi vya masikio hukwama kuuzuia. Wengi hawapimi C, na hapo ndipo wanapochagua kizibo vibaya.

Njia Ndefu

Naongezea kwa mpimaji. Kelele ya upepo haipandi sawasawa na spidi. Nguvu yake hupanda takriban kwa kipeo cha 5 au 6 cha mwendo, kwa hiyo kushuka kutoka 120 hadi 100 kunapunguza desibeli 4 hadi 5 za upepo. Ukirudi kwenye jedwali la mleta mada, desibeli 3 pekee zinakupa muda mara mbili. Hakuna kifaa cha bei yoyote kinachofanya kazi hiyo bure.

Halafu pandisha vioo vya pembeni hata kama paa liko chini. Weka kizuia upepo nyuma ya viti: hewa inayopita juu ya kioo cha mbele hujikunja nyuma na kurudi shingoni, na mkunjo huo ndio unaokupiga masikioni. Kile cha plastiki ngumu hukata zaidi kuliko cha wavu. Kiwe kinafika karibu na usawa wa juu wa viti, na mwanya wa chini uzibwe kwa sponji, la sivyo hewa inapita hapo na kupiga mluzi. Shusha kiti hatua moja kama bado unaona vizuri. Kichwa kikikaa kwenye ukingo wa mkondo wa upepo ni kibaya kuliko kikiwa chini yake au juu yake kabisa.

Na redio, zima. Ukiipandisha ili ishinde upepo, unaongeza kelele juu ya kelele.

Mtaalamu wa usikivu

Vizibo. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu makosa mengi yako hapa.

Kizibo cha sponji cha kawaida, kikiwekwa sawa, kinashinda vifaa vingi vya gharama. Kikiwekwa vibaya kinabaki pambo. Osha na kukausha mikono. Kiviringishe katikati ya vidole mpaka kiwe kijiti chembamba kisicho na kunyanzi. Kila kunyanzi litakuwa mfereji wa sauti. Kwa sikio la kulia, pitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa, uvute sikio kwenda juu na nyuma ili tundu linyooke. Ingiza haraka kabla sponji haijafura, kisha kishikilie kwa ncha ya kidole sekunde 30 mpaka 40. Kwenye baridi sponji hufura polepole, ongeza muda. Ukijitazama kwenye kioo usoni kabisa, kizibo kisionekane kikichungulia nje.

Jaribio: gari likiwa linanguruma, funika masikio kwa viganja. Kelele ikipungua sana, kizibo kinavuja, toa uweke upya. Sauti yako mwenyewe ikivuma kichwani kama uko ndani ya pipa, mara nyingi kizibo kimeishia mlangoni. Kikienda ndani zaidi ule mvumo hupungua.

Namba za pakiti ni za maabara. Kwa NRR, kipimo cha Marekani cha desibeli ambazo kizibo hupunguza, chukua namba, toa 7, gawanya kwa 2. Kizibo cha NRR 33 kinakupa 13 za uhakika: kelele ya 95 inakuwa 82. Kwa SNR, kipimo kama hicho cha Ulaya, unaitoa kwenye kipimo cha C, si cha A, na Uingereza wanashauri kupunguza 4 kwanza. Mfano: C ni 98, SNR ni 23, toa 4 ibaki 19, sikioni inafika 79. Pembeni ya SNR kuna herufi H, M na L, yaani kinga kwa sauti kali za juu, za kati na nzito za chini. Kwa gari la wazi mwenye maana kubwa ni L, uwezo wa kuzuia sauti nzito. Vizibo viwili vyenye SNR sawa vinaweza kupishana sana kwenye L.

Lengo ni 75 hadi 80 sikioni. Chini ya 70 umejizibia kupita kiasi: unapoteza honi, king'ora na mabadiliko ya injini. Kwa hiyo si kila mtu anahitaji kizibo kikali kuliko vyote.

Abiria

Swali kwa mtaalamu: vile vya silikoni vya kuchongwa kwa sikio lako, na hedifoni za kuzima kelele kielektroniki, zinafaa?

Mtaalamu wa usikivu

Vya kuchongwa vinafaa sana kwa anayeendesha mara kwa mara. Fundi wa kuchukua umbo la sikio atachungulia sikio kwanza. Nta ikiwa imejaa hapimi mpaka isafishwe. Anaweka kipande cha pamba chenye uzi kupita kona ya pili ya tundu, anajaza silikoni, unasubiri dakika 5 hivi. Omba umbo lichukuliwe ukiwa unafungua na kufunga mdomo, kwa sababu taya ikisogea tundu hubadilika umbo. Kisicholingana huanza kuvuja ukiongea. Chagua chenye chujio la kupunguza sauti zote kwa usawa, ili maneno yabaki wazi. Kikilegea, kichongwe upya. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, lakini toa chujio kwanza. Likiingia maji limekwisha.

Hedifoni za kielektroniki sizipendekezi. Huzuia zaidi sauti za chini ya kilohezi 1, upepo ukigonga maikrofoni zake zinababaika, na nyingi hazina kipimo cha kinga kilichothibitishwa. Za kufunika sikio zina tatizo jingine: mkono wa miwani hupita chini ya mto na kuacha mwanya, na upepo ukizunguka kikombe hutengeneza mvumo wake.

Vizibo vyenye kamba, kata kamba. Ikipepea inagonga nguo na mlio unapanda moja kwa moja hadi sikioni.

Fundi sailensa

Mnazungumzia sikio tu, chanzo je? Sailensa ya kupita moja kwa moja ina bomba lenye matundu, limezungushiwa pamba ya kioo. Pamba hiyo inaungua na kupulizwa nje taratibu. Dalili: sauti inakuwa kavu na yenye mkwaruzo, na ganda linabadilika rangi sehemu moja kwa sababu joto limefika pale.

Kuijaza upya: toboa riveti kwa keekee ya milimita 5 kama ni za 4.8, toa kifuniko, vuta pamba ya zamani ukiwa na barakoa na glavu. Safisha matundu kwa brashi ya waya. Zungusha kwanza nyuzi za chuma kisichoshika kutu juu ya bomba, hizo ndizo zinazolinda pamba isipulizwe. Kisha pamba ya kioo ya nyuzi ndefu, gramu 100 hadi 140 kwa kila lita ya nafasi. Ikiwa kidogo inacheza na kutoka upesi; ikishindiliwa sana sauti haipenyi na kunyonywa. Rudisha kwa riveti za chuma kisichoshika kutu. Za alumini hulegea kwa joto. Ukingoni paka gundi ya joto kali.

Kagua pia gasketi ya manifoldi, pale mabomba ya ekzosi yanapoungana na injini. Washa injini ikiwa bado ya baridi, mtu aizibe ncha ya ekzosi kwa kitambaa kinene sekunde chache huku wewe ukisikiliza mlio wa hewa inayovuja. Uvujaji karibu na dereva huongeza kelele na unaleta moshi wa sumu, usiuahirishe.

Kama kero ni mvumo kwenye kasi moja tu ya injini, piga hesabu. Injini ya silinda 4 kwenye mizunguko 3000 kwa dakika hulipuka mara 100 kwa sekunde, yaani hezi 100. Tawi la bomba lililozibwa mwisho, lenye urefu wa robo ya wimbi la sauti hiyo, litaumeza mvumo huo. Kwenye gesi ya joto sauti huenda kama mita 450 kwa sekunde, kwa hiyo robo ni mita 1.1 hivi. Anza na refu kidogo ukate, kwa sababu tawi lenyewe huwa la baridi kuliko bomba kuu.

Na ile namba ya ukaguzi wa viwanja vya mbio isikudanganye. Inapimwa nusu mita kutoka ncha ya ekzosi gari likiwa limesimama, haina upepo ndani yake wala haisemi kitu kuhusu sikio lako. Ekzosi inayotokea ubavuni ina mtu mmoja inayemtesa kuliko mwenzake, pima pande zote mbili.

Njia Ndefu

Sheria, wakuu, zinatofautiana kila nchi. California, kwa mfano, inakataza vizibo na hedifoni kwenye masikio yote mawili ukiendesha, lakini inaruhusu vizibo vilivyotengenezwa kupunguza kelele ya kudhuru mradi visizuie kusikia king'ora na honi. Soma ya kwako kabla ya kununua.

Abiria

Na mtu akishafika nyumbani masikio yanavuma, kesho yake yametulia?

Mtaalamu wa usikivu

Kutulia hakumaanishi hakuna kilichoharibika. Seli za vinyweleo ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na upungufu wa usikivu unaoletwa na kelele huanzia kwenye hezi 3000 hadi 6000, ambako mazungumzo ya kawaida hayakuonyeshi haraka. Ukisikia mvumo au pamba masikioni baada ya safari, kinga ya siku hiyo ilikuwa ndogo: pima upya, badilisha kizibo au punguza spidi, na upe masikio utulivu mpaka kesho yake. Nenda ukapimwe usikivu mara moja sasa ukiwa mzima, uombe grafu ya kila sikio, uitunze. Mwaka kesho upimwe tena ukiwa na saa 14 au zaidi bila kelele kabla ya kipimo, kisha linganisha grafu hizo mbili hasa kwenye hezi 4000. Mvumo ukibaki zaidi ya siku mbili, au sikio moja likizima ghafla, usisubiri mwaka kesho. Hilo la sikio moja nenda siku hiyohiyo, matibabu yake hupungua nguvu kila siku inayopita.