Kiziwi akiwa peke yake na anahitaji zimamoto au gari la wagonjwa, afanyeje?

Swali
Ndugu zangu, mimi ni kiziwi tangu utotoni. Miaka yote mdogo wangu ndiye aliyekuwa akinipigia simu ya dharura, lakini sasa amehama na usiku ninabaki na mama ambaye moyo wake ni mgonjwa. Je, inatosha kutuma ujumbe mfupi kwenye namba ileile ambayo wengine huipigia?

Jibu la kwanza
Pole, dada. Inategemea nchi uliyopo, na usisubiri siku ya tukio ndipo ujue. Uingereza ujumbe kwenda 999 hupokelewa, ila ni lazima simu iwe imesajiliwa kabla: unatuma neno «register» kwenda namba hiyohiyo, kisha unafuata maelekezo utakayorudishiwa. Ufaransa imetenga namba 114 kwa ajili ya viziwi na watu wenye usikivu hafifu. Marekani unaweza kuandika kwenda 911, lakini si kila kituo kinapokea maandishi. Kisipopokea, kampuni ya simu inatakiwa kukurudishia ujumbe wa kukujulisha hivyo, nawe ukiuona usipoteze dakika, mgongee jirani.

Jibu la pili
Niongeze kuhusu sisi ambao tunasema vizuri lakini hatusikii tunachojibiwa. Mimi hutumia huduma ya upokezaji, ambapo mhudumu huandika maneno ya upande wa pili nami nikayasoma kwenye kioo cha simu huku nikijibu kwa sauti yangu. Kwa anayetumia lugha ya alama, njia bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni mkalimani wa video. Uingereza ilianzisha huduma hiyo kwa simu za 999 mwaka 2022. Mtu aliyeshikwa na hofu hujieleza vizuri zaidi kwa lugha yake, na maandishi si lugha ya kwanza ya kila kiziwi.

Jibu la tatu
Dada, tafadhali zingatia mpangilio wa ujumbe wenyewe. Watu wengi huanza na salamu au historia ya ugonjwa, ilhali kitu cha kwanza kinachohitajika ni mahali, kwa sababu ujumbe hauonyeshi daima ulipo, na mazungumzo yakikatika angalau gari litajua pa kwenda. Mimi ningeandika hivi: mtaa na namba ya nyumba, kisha «Ghorofa ya pili, mlango wa kushoto. Mama hapumui. Mimi ni kiziwi, nijibuni kwa maandishi.» Usitume picha wala usiutume kwa kundi la watu, kwani unaweza usifike. Baada ya hapo shika simu mkononi ikiwa kwenye mtetemo, maana watakuuliza maswali, na ujumbe mfupi wakati mwingine huchelewa. Usipojibiwa, tuma tena.

Muuliza swali
Nawashukuru sana. Nimejisajili asubuhi hii na uthibitisho umeshafika. Anwani yetu pamoja na majina ya dawa za mama nimeyahifadhi kwenye simu, yakisubiri kutumwa tu. Nimemwomba pia jirani aupokee ufunguo wa akiba, kwa sababu wahudumu wakigonga mlango sitawasikia.