Mjadala: kwa mashini za biro tuweke programu gani ya kutafuta mafishie (mafaili)?

Jambo wote. Kwetu Himbi, hapa Goma, tuko na kabiro ka kuandikia batu mikataba ya parseli na mabarua, mashini tatu, zote Windows, na tangu wiki mbili hatusikilizane juu ya programu ya kutafuta mafishie. Ilianza siku mama moja alikuja kuomba kopi ya mukataba wake wa 2019. Niliandika jina yake kwa kale kasanduku ka Windows, hakuna. Mama akakaa, akanyonyesha mutoto mpaka mutoto akalala, mimi nafungua nafunga tu madosye. Jioni njo tukaupata ndani ya «Nouveau dossier (7)», fishie inaitwa «Document1 bon final». Mama alishakwenda zamani.

Mimi niko upande ya DocFetcher, ni ya bure na inatafuta maneno ya ndani ya Word, Excel na PDF. Munipige sasa.

Wa Katindo: Weka Everything, ile programu ya kutafuta majina ya mafishie, umalize mambo. Inasoma ile tabulo ya NTFS yenyewe (NTFS njo namna Windows inapanga mafishie kwa diski), haipite dosye kwa dosye, mafishie 1,000,000 inachukua kama dakika moja na RAM (memware ya mashini) kama MB 75 tu. Kuranti ikikatika, mashini ikiamuka inaangalia daftari ya NTFS na inajua nini ilibadilika. DocFetcher yako inataka ifungue kila fishie na kuisoma, kwa mashini zetu hizi utapika fufu, utakula, utarudi, iko bado nasoma.

Mwenye mada: Sawa yaya, lakini Everything inatafuta jina, na jina njo kitu tulisahau! «Document1 bon final», nani angeandika hiyo? Ndiyo, unaweza kuiambia itafute na ndani, lakini hapo inasoma mafishie moja moja wakati ule ule, njo inakuwa ya pole pole. Na makle (flash) ya bateja karibu zote ni FAT32, mupango mwingine wa diski, si NTFS, hizo haizione mpaka uongeze dosye yake kwa mukono.

Dada wa Majengo: Ninyi munatafuta dawa ya ugonjwa mwenye munajipatia. Andikeni mwaka, jina, avenue, basi. Kwetu tunafanya vile na ile ya Windows inatosha, ila muiambie itafute kwa mashini yote, juu vile inakuja inaangalia Documents, Images, Musique na biro ya mashini (desktop) tu, labda njo maana ulikosa.

(Hapo dada alinishika, nilienda kuangalia, kweli ilikuwa vile. Lakini mafishie ya zamani nani atayabadilisha majina, yeye?)

Muzee wa Birere: Hakuna mwenye anaongea kitu kikubwa. Mashini moja, batu watatu. Ukishaingiza dosye kwa DocFetcher, maneno ya ndani yanabakia kwa indeksi (daftari yake ya maneno), mutoto wa staji anaandika «mshahara» na anaona yote. Na Everything, nayo inaweza kuonyesha majina ya mafishie ya mutu mwingine, hata kama hawezi kuyafungua. Jina peke yake inatosha kuleta vita. Tena musijifunge kwa programu moja, batu walizoea Google Desktop tangu 2004, 2011 Google wakaifunga.

Wa Katindo: Na mikataba yenye sinyatire, ile muliskane? Hiyo ni picha, muzee, DocFetcher haitasoma picha hivi hivi. Mupitishe kwanza kwa Tesseract, programu ya kutoa maandishi ndani ya picha, iko na Kifaransa na Kiswahili.

Mwenye mada: Hapo umenimaliza, juu nusu ya mikataba yetu ni skane. Kumbe hata ule wa mama, kama ungekuwa skane, DocFetcher yangu ingenyamaza tu. Bon, kesho naweka Everything kwa mashini zote tatu, DocFetcher kwa moja tu, ile ya madosye ya mikataba, na maskane tutapitisha kidogo kidogo usiku kuranti ikiwa muzuri. Dada, na majina tutaanza na mapya. Muzee, ile ya mshahara sina jibu yake, nimeitoa kwa mashini, iko kwa kle, na kle iko kwa mufuko wangu wa suruali.

Dada wa Majengo: Suruali gani? Ile ya kufua Jumamosi?