Tupeane uzoefu: tawi la toleo mnalikata lini, na nani anashika funguo?

Wakuu, mradi wetu wa programu huria unaelekea 2.0 na ubishi umeshaanza: tukate tawi la toleo (nakala ya msimbo inayotengwa ili iandaliwe kutolewa) sasa au tusubiri? Nadharia nimesoma, nataka yaliyowakuta.

Fundi Kimya: Msikate mapema. Sisi tulikata vipengele vikubwa vikiwa bado nusunusu, basi kila rekebisho likawa linaingizwa mara mbili, tawi kuu na tawi la toleo. Migongano ya msimbo, acha tu. Siku hizi tunazuia vipengele vipya kwanza, ndipo tunakata. Hata lugha ya Python hukata tawi beta (toleo la majaribio) ya kwanza inapotoka, kwa kawaida Mei, na toleo kamili ni Oktoba.

Mama Majaribio: Kukata ni dakika moja, shughuli iko mbele. Kuna jamaa alirekebisha hitilafu moja kwa moja kwenye tawi la toleo, 1.4 ikatoka safi. Tawi kuu hakuna aliyelikumbuka. Ikaja 1.5 na hitilafu ileile, kwa watumiaji walewale, safari hii wamevimba. Tangu hapo rekebisho linaanzia tawi kuu, kisha linahamishwa kwenda tawi la toleo kwa amri ya Git, `git cherry-pick -x`. Hiyo `-x` msiidharau: inaandika kwenye ujumbe namba ya komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya asili, kwa hiyo hata baada ya miezi unajua lililohamishwa limetoka wapi.

Nyundo: Hapo kwenye funguo, yaani nani anaamua kinachoingia, ndipo miradi inapovunjikia. Teueni msimamizi mmoja wa toleo, na awe mtu anayeweza kusema hapana bila kuomba radhi. Kwetu alikuja mtu jioni ya mwisho, "ni mstari mmoja tu, mkuu". Ukapitishwa kwa kumwonea haya. Ukavunja usakinishaji kwenye Windows.

Dawa nyingine ni ratiba. Kwenye Linux vipengele vipya huingia ndani ya wiki 2, kisha matoleo ya majaribio (rc) kila wiki, rc1 mpaka rc7 au rc8. Ukichelewa, toleo lijalo liko wiki 9 au 10 mbele. Mtu akijua kuna basi jingine hagombanii mlango.

Mleta mada: Shukrani. Na matawi ya zamani mnayatunza mpaka lini?

Mama Majaribio: Tangazeni tarehe ya mwisho siku ileile mnayotoa toleo. Mradi wa hifadhidata wa PostgreSQL huhudumia kila toleo kubwa miaka 5, lakini wale wana watu. Sisi toleo jipya likitoka, lililotangulia linabaki na marekebisho ya usalama tu. La nyuma yake anayelitaka alihudumie mwenyewe.