Tupeane uzoefu: unapangaje wachezaji wako wa FPL (Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni wa kukusanya pointi kwa wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England) kabla dirisha la wiki, yaani muda wa mwisho wa kubadili kikosi, halijafungwa?

Sakina Juu
Wakuu wa Arusha na Moshi, ligi za vijiweni zinapotea kwa sababu watu wanapanga kwa pointi za wiki iliyopita. Hizo zimeshaliwa. Andika majina yako 15 kwenye karatasi, kila jina uliza kwanza: huyu atafika dakika ya 60? Asipofika anapata pointi 1 ya kucheza, akifika ni 2, na beki hapewi zile 4 za kutoruhusu goli mpaka afikishe 60. Halafu mpinzani na uwanja. Halafu nani anapiga penati, kona na faulo. Fomu naiweka mwisho. Nyie mnaanzia wapi?

Fundi Ngarenaro
Dakika kwanza, naunga mkono. Mshushe mtu ambaye timu yake imecheza Ulaya Alhamisi na inarudi uwanjani Jumapili.

Dada wa Pasua
Hilo la dakika msilipite juu juu, maana ndiko nahodha anakoua wiki nzima. Kocha anasema Ijumaa "tutamwangalia asubuhi", wewe unamwachia kitambaa cha unahodha, kile kinachozidisha pointi mara mbili. Dirisha linafungwa saa nane mchana. Kikosi kinatoka, mtu wako yuko benchi. Kibanda umiza kizima kinakwambia usijali, nahodha msaidizi atachukua. Kweli msaidizi, kiungo, anapiga mawili: 10 za magoli, 2 za dakika, 3 za bonasi, jumla 15, na zikizidishwa ni 30. Dakika ya 89 yule wa benchi anavua koti anaingia. Basi. Amecheza, kwa hiyo kitambaa hakihami. Pointi yake 1 inakuwa 2, msaidizi anabaki na 15 zake. Na wa benchi lako haingii, maana nafasi haijawa wazi. Mwenye shaka yoyote asipewe unahodha, hata akiwa nani.

Kiborloni
Dakika ya 89! Inauma kuliko kadi nyekundu.

Mbuyuni Sokoni
Kweli tupu.

Njiro
Dada, hiyo saa nane ni baada ya Oktoba. Kuanzia Agosti mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mechi ya Jumamosi ya saa 8:30 mchana kwetu inafunga dirisha saa 7:00 kamili, dakika 90 kabla. Waingereza wakirudisha saa zao nyuma ndiyo inakuwa saa 8:00. Mechi ya kwanza ikiwa Ijumaa usiku, ni saa 2:30, baadaye 3:30. Wanaongoja kufunga duka ndio wanaokosa.

Dada wa Pasua
Asante kaka, ni hivyo.

Kijenge Chini
Mwenye shaka mnamtoa tu, lipeni pointi 4 za uhamisho wa ziada, msonge mbele.

Fundi Ngarenaro
Hapana mkuu. Uhamisho wa bure unawekwa mpaka 5, kwa nini ulipe? Mpya lazima ampite mtu wako wa benchi kwa zaidi ya pointi 4 ndipo uone faida.

Kijenge Chini
Unahesabu wiki moja. Ukimkalia wiki 4, ni pointi 1 kwa wiki.

Fundi Ngarenaro
Ukimkalia. Wanaolipa 4 huwa hawamkalii mtu wiki 4, wiki inayofuata wanalipa tena.

Soweto Moshi
Mmesahau mabeki. Tangu msimu wa 2025/26, beki akifikisha vitendo 10 vya kuondosha mpira, kuzuia shuti, kukata pasi na kupokonya, anapewa 2. Kiungo na straika ni 12, ila wao wanahesabiwa na mipira waliyookota. Kwa hiyo beki wa kati wa timu inayoshambuliwa sana nampanga juu ya beki wa pembeni asiyepanda. Akifungwa mawili anakatwa 1, zile 2 zinabaki.

Sakina Juu
Safi. Na kuhusu mipira iliyokufa: Cole Palmer wa Chelsea dhidi ya Brighton, 28 Septemba 2024, magoli 4 kipindi cha kwanza, moja penati na moja faulo. Pointi 25, kwa nahodha 50. Ndiyo maana mpiga penati hashuki chini ya nafasi ya tatu kwenye karatasi yangu.

Mbuyuni Sokoni
Benchi je? Mimi naweka yeyote.

Njiro
Usiweke yeyote, ndugu yangu. Ukianza na mabeki 3 na mmoja asicheze, mfumo unamruka asiye beki kwenye foleni ya benchi mpaka umpate beki, kwa kuwa 3 ndicho kiwango cha chini. Kama mabeki wako wawili wa benchi hawachezi kwenye klabu zao, nafasi inabaki sifuri. Ukianza na 4 au 5, hapo namba 1 ya benchi mpe yule mwenye uhakika wa dakika.

Kiborloni
Panga Ijumaa usiku, hifadhi, kisha Jumamosi asubuhi ubadilishe kitambaa tu. Mtandao ukikata au umeme ukizima, kikosi kipo.