Prosesa mpya inasomeka, Windows haiingii: naomba msaada kabla ya Ijumaa

StudioLangoni:
Assalamu aleikum wakubwa zangu na wenzangu. Naandika kwa simu, kompyuta yenyewe ndiyo mgonjwa.

Nahariri video za harusi hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Kompyuta ni ya mezani: madabodi (ubao mkuu) ya B450, RAM GB 16, diski moja ya SSD ya SATA, haina kadi ya picha ya pembeni, picha hutoka kwenye prosesa yenyewe. Tangu 2019 ilikuwa na Ryzen 3 2200G yenye viini 4. Video za siku hizi ni nzito, harusi moja tu nakesha nayo mpaka adhana ya alfajiri, basi nikajikaza nikanunua Ryzen 5 5600G ya viini 6. Ikaja na basi mpaka Mokowe, nikaenda kuipokea gatini na kuvuka nayo kwa boti nimeipakata mapajani.

Sikukurupuka. Nilisasisha BIOS kwanza (programu ya madabodi inayoiamsha kompyuta), prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, na ikakamilika salama. Kufungua feni ndiko kulikonitoa jasho. Pasta ya joto ilikuwa imekauka kama chokaa. Nilipovuta chuma cha kupozea, prosesa ikang'oka nacho, na wenzo wa soketi, pale prosesa inapokaa, bado umefungwa! Pini tatu za pembeni zimelala. Nimeifunga kwenye pamba, siigusi tena.

Mpya ilikaa yenyewe bila kusukumwa. Kuwasha, kukatokea maandishi kwamba kuna prosesa mpya na fTPM (hifadhi ya funguo za usalama ndani ya prosesa) imebadilika, nibonyeze Y kuifuta au N kuiacha. Niliogopa, nikabonyeza N. Tangu hapo kila nikiwasha naangukia ndani ya BIOS. Prosesa inasomeka, RAM yote 16 ipo, SSD inaonekana kwa jina lake. Lakini orodha ya vitu vya kuwashia ni tupu.

Ndani ya SSD mna harusi ya Shela niliyoahidi Ijumaa. Mna pia sauti ya marehemu bibi yangu akisoma tendi, karibu saa mbili. Harusi ningali nayo kwenye kadi za kamera. Ya bibi haina nakala popote. Tafadhali, asiniambie mtu niweke Windows upya kabla hatujajua tatizo ni nini.

MwanaMvita:
Pole dada. Mimi nashuku soketi, prosesa iking'oka vile huacha madhara. Toa ile betri ya sarafu dakika kumi, urudishe. Ikikataa, tafuta madabodi nyingine.

FundiMalindi:
Wa aleikum salaam dadangu. Usinunue madabodi. Kwenye AM4, aina ya soketi yako, pini ziko kwenye prosesa, soketi ina matundu tu. Soketi ingeumia, aghalabu ungekosa sehemu ya RAM au usingepata picha kabisa. Wewe unaona kila kitu.

Nijibu moja: Windows hiyo uliiweka upya 2019, au uliihamisha na diski yake kutoka kompyuta nyingine?

StudioLangoni:
Niliihamisha, kaka. Nilinakili diski nzima ya kompyuta yangu ya kwanza. Ilikuja na Windows 7, nikaipandisha hadi 10.

FundiMalindi:
Basi ugonjwa ni huo. Diski yako imegawanywa kwa mtindo wa kale, MBR. Madabodi ilikuwa ikiiwasha kwa msaada wa CSM, kipengele cha BIOS kinachoigiza kompyuta za zamani. Ulipoisasisha BIOS, mipangilio ikarudi ya kiwandani. Na hata ukienda kuiwasha CSM sasa hivi haitakusaidia: 2200G ilikubali CSM kwa picha yake ya ndani, 5600G haikubali. Mashine inatafuta faili za kuwashia za UEFI, yaani mtindo mpya wa kuwasha, kwenye SSD, haizioni, inakurudisha BIOS. Faili zako zipo zote, na sauti ya bibi ipo.

Kama kuna mtu wa kukuazima kadi ya picha, ichomeke, washa CSM, itaingia leo leo. Lakini kadi si yako, utairudisha.

Mimi ningegeuza diski iwe GPT, mgawanyo mpya unaoendana na UEFI, bila kufuta kitu. Ndani ya Windows 10 mna programu inaitwa mbr2gpt, imekuwemo tangu toleo 1703 la 2017. Tengeneza flashi ya Windows kwenye kompyuta ya mtu, washa nayo kwa UEFI, na ukifika dirisha la kuchagua lugha bonyeza Shift na F10. Anza na hii, haibadilishi chochote, inakagua tu:

mbr2gpt /validate /disk:0

Ikipita, badilisha neno validate liwe convert. Flashi nayo inaweza kuhesabiwa kuwa diski, kwa hivyo hakikisha 0 ndiyo SSD yako. Kuhusu N, ulifanya vyema. Ungekuwa umefunga diski kwa BitLocker, kufuli la Windows, Y ingekuacha unatafuta ufunguo wa tarakimu 48.

MwalimuMkomani:
Mwanangu, usiandike amri hata moja kabla ya kutoa nakala. Mimi nina waya wa kuunganisha SSD na USB. Njoo nayo nyumbani baada ya laasiri, tuisome kwenye kompyuta yangu.

StudioLangoni:
Ndugu zangu, narudi na habari.

Kwa Mwalimu tulinakili kila kitu kwenye diski ya nje. Sauti ya bibi tuliifungua palepale ili tuwe na hakika. Mke wa Mwalimu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni mpaka beti zikaisha.

Usiku nikaanza. Ukaguzi ukakataa! Nilimtumia Fundi picha ya skrini, akaona mara moja: diski ilikuwa na sehemu kuu nne, na mbr2gpt inataka zisizidi tatu. Ya nne ilikuwa sehemu ya kurejesha Windows 7, GB 12, mzigo niliouhamisha pamoja na diski bila kujua. Nikaifuta kwa diskpart, programu ya Windows ya kupanga sehemu za diski. Nilisoma ukubwa wa kila sehemu mara tatu, kwa sababu ile ndogo ya MB 100 ndiyo yenye faili za kuwashia, na ukiifuta hiyo umekwisha. Nikakagua tena, ikapita. Kugeuza hakukufika dakika moja.

Nilipowasha, orodha haikuwa tupu tena, kuna Windows Boot Manager. Ilizungukazunguka ikipanga vifaa, ikajizima na kujiwasha mara moja, kisha skrini yangu ya Windows ikatokea kama nilivyoiacha. BitLocker haikuwa imewashwa, kwa hivyo nikabonyeza Y, na haijauliza tena.

Harusi ya Shela inatoka sasa hivi ninapoandika. Imebakisha dakika 20, na isha ndiyo kwanza inaadhiniwa. Fundi, nitumie namba yako kwa ujumbe wa faragha, nina swali la zile pini tatu. Binamu yangu ana madabodi ya AM4 haina prosesa, na 2200G ikinyooka ni yake.